Kontrolere Asiyejulikana

Zamani sana, nilipokuwa mwandika-namba kwenye kituo cha gari la moshi, tulipoteza behewa zima la ndagala, wale samaki wadogo wakavu. Halikuibiwa, lilipotea tu. Ndagala zilipakiwa kule ziwani, zikaja na reli mpaka kwetu, na mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa anafika kila asubuhi na karatasi yake mkononi kuuliza: "Wagon yangu iko wapi?" Sisi tunatazama karatasi, karatasi inasema behewa liko njia ya nne. Tunakwenda njia ya nne, behewa lipo kweli, lakini limejaa saruji. Mvua za mwezi wa kwanza zikaanza. Siku moja upepo ukageuka, harufu ikaingia mpaka ofisini kwa shefu, mkuu wa kituo, na paka wa kituo wakaanza kutembea wote wakielekea upande mmoja, kama Wakristo wa misa ya kwanza. Tukafuata paka. Behewa lilikuwa nyuma kabisa, kwenye njia ya mabovu, limesimama peke yake, limelowa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika sita mahali pa nane, kwa sababu rangi ya namba ilikuwa imebanduka na yeye hakutaka kuinama kutazama vizuri. Yule mama hakupiga kelele. Aliketi juu ya chuma cha reli, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akafungua, akafunga. Shefu alituita wote, akatuambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Toka leo, kama karatasi na wagon binapingana, wagon njo iko na haki." Na akatuonyesha jinsi ya kusoma namba iliyokufa: unapaka chaki juu ya ile sahani ya chuma iliyo ubavuni, unafuta kwa kiganja, chaki inabaki ndani ya mikwaruzo tu, na namba inafufuka, nyeupe, tarakimu baada ya tarakimu.

Sijui kwa nini nimeanza na ndagala. Nilikaa chini niandike juu ya Injeniere Mukendi, ambaye tumemzika juzi juzi hapa, na mkono umekwenda wenyewe kwenye ndagala. Ndivyo nilivyo, wajukuu wangu wananicheka, wanasema babu ukimuuliza saa anakuelezea kwanza fundi wa saa. Bon. Kilio kilikuwa Annexe, pembeni ya mji, kwenye lupango lake, kiwanja ambacho hakumaliza kujenga, tumeketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema la buluu, chai haina sukari, na watu wanasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Mwalimu mmoja mwanamke, mdogo wa mwili, aliyevaa vizuri, alisimama akasema marehemu alikuwa amefufua disiki ya kompyuta yake iliyokufa, na bila yeye asingemaliza masomo. Watu wakasema amina. Mimi nikasema amina pia. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, magoti yangu hayataki tena haraka, nikaomba daftari. Kiswahili nitakachoandika ni kile cha kitabu cha misa, maana ndicho nilichojifunzia kusoma. Maneno ya watu nitayaacha yalivyotoka kinywani. Habari za baba yangu na mama yangu naziruka, kila mtu alikuwa na baba na mama.

Mwaka ninaotaka kuusema, mimi sikuwa kijana. Kuna watu mwaka wao wa kufumbua macho unawafikia na miaka kumi na nane. Wangu ulinikuta na mvi mbili na bila kazi, reli imeshalala. Nikapata kuwa mlinzi wa mchana kwenye shule ndogo ya mashine za kompyuta, barabara ya Kasapa, karibu na wanafunzi wa chuo kikuu. Ilikuwa nyumba ya zamani ya kukaa watu. Saluni, yaani sebule, ilikuwa darasa, mashine tisa kwenye meza za mbao ambazo hazikulingana urefu, na kila moja ilifunikwa jioni kwa kipande cha kitenge kwa sababu ya vumbi. Chumba kimoja kilikuwa cha Mama Vero, aliyefundisha kupiga taipu, na ndiye aliyetupikia vilevile, maana Injeniere alisema mtu mwenye njaa anaharibu screw. Na chumba cha kuogea kilikuwa stoo: bafu lile la wazungu, refu, jeupe, lilikuwa limejaa mpaka juu karte mama zilizokufa. Karte mama ndiyo ule ubao mkubwa wa ndani ya mashine ambao vingine vyote vinachomekwa kwake; Wafaransa wanaiita carte mère, na Mama Vero alisema jina ni la haki kabisa, kwa kuwa ikiungua hiyo, nyumba nzima inalala njaa. Ziliungua nyingi. Umeme wa mji huu mnaujua: unakwenda kimya kimya, na ukirudi unarudi na hasira.

Injeniere alikuwa mtu wa Kasai, si wa mkoa wetu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ambazo hakukuwa na umeme wa pasi. Majirani zangu, watu wa kaskazini kama mimi, watoto wa reli, walinichokoza: "Papa Ngoy, unachunga mulango ya Mukasai?" Nikawajibu mlango hauna kabila. Ukweli ni kwamba yeye alikuwa na diploma, na kwao diploma ni kama kwetu sisi mwana wa kwanza; aliitundika ukutani juu ya mashine ya kwanza, ndani ya kioo, na Jumatatu nilikuwa naifuta mimi. Sikuweza kuisoma yote. Mashine zake hazikutumia ule mfumo ambao kila mtu mjini alikuwa nao wa kuiba, uliojaa virusi kama mbwa wa sokoni na viroboto. Yeye aliweka Linux. Alisema ni kitu cha bure, cha halali, na ambacho unaweza kukifungua tumbo ukaona kinakula nini. Moyo wa Linux wao waliuita noyau, yaani kokwa, kama lile la avoka, na kokwa hilo unaweza kulipika mwenyewe upya ukichagua kitu gani kiwemo, kitu gani kisiwemo. Pale shuleni tulisema hivyo hivyo, kupika. Kupika kulichukua nusu ya siku, na umeme ukikatika katikati, chakula kibichi.

Jinsi nilivyoingia ndani kutoka mlangoni ni kwa sababu ya miwani. Injeniere alikalia miwani yake. Alikuwa anatafuta namba iliyoandikwa juu ya chipu moja, ule mdudu mweusi wa miguu mingi, na maandishi yake ni mepesi kama pumzi juu ya kioo. Wanafunzi wanainama, mmoja anasema ni tano, mmoja anasema ni S. Mimi nilikuwa nafagia. Nikatoa chaki mfukoni (nilikuwa natembea nayo bado, mazoea ya reli), nikapaka, nikafuta kwa kidole gumba, nikasoma. Injeniere akanitazama. "Papa Ngoy, ulisomea wapi?" Nikamwambia: "Sikusoma. Nilisoma ma-wagon." Alicheka mpaka akakaa. Toka siku hiyo kila ubao ulioingia nyumba ile ulipita kwangu kwanza. Nilikuwa na daftari la mistari. Upande wa kushoto naandika namba ya chipu, upande wa kulia Injeniere ananiandikia jina la kipande cha Linux kinachoijua chipu hiyo. Sentensi ya Kifaransa ilikuwa inanishinda, lakini namba hainishindi, namba haina sarufi. Na alinieleza kila kitu nilichouliza, kwa uvumilivu, hata niliporudia swali. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo. Nasema hili mapema ili lijulikane, maana huko mbele nitasema mengine.

Saa sita tulikula pamoja, jikoni, bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, au sombe ya majani ya muhogo Mama Vero akiwa na moyo mzuri, mikono mitatu kwenye sahani moja. Siku moja Injeniere akasema kuna mashine haioni disiki kwa kuwa kontrolere yake haijulikani. Nikaacha kutafuna. "Kontrolere? Ule wa mu train, wa kutoboa ma-tiketi?" Mama Vero alikaribia kupaliwa na bukari. Lakini Injeniere hakucheka, aliinua kidole chenye sombe. "Mais njo vile kabisa! Sikia, Papa. Disque, ile kintu inachunga mambo yako yote, iko kama wagon ya bantu. Kontrolere iko mu mulango, yeye njo anayua nani iko ndani. Linux ni shefu wa gare. Anauliza kontrolere: uko na bantu? Kama shefu hamuyui ule kontrolere, hamuulize. Anaandika mu kitabu: train iko bule, hakuna muntu." "Na bantu biko ndani?" "Bote. Banakaa, banangojea." Nikasema: "Ile shefu, kwetu tungemufukuza." Mama Vero akasema: "Kula, bukari inapoa, muko na akili mingi bote mbili."

Mvua ziliporudi, akaja Mujinga. Madereva wa Tanzania wanaopita mpakani waliwahi kuniambia kwao jina hilo ni tusi. Kwa watu wa Kasai ni jina la heshima la mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo. Alikuwa msichana, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, mdogo wa mwili, na alikuja amebeba disiki ndani ya kilemba kama mtu aliyebeba yai. Radi ilikuwa imepiga upande wa kwao, mashine ya kaka yake mkubwa, yaya wake, imeungua, na ndani ya ile disiki ilikuwamo memwari yake, lile andiko la mwisho ambalo mwanafunzi anatetea mbele ya maprofesa. Miezi minane ya kuandika, nakala moja. Difansi, siku hiyo ya kutetea, ni Jumatatu ya wiki inayofuata. Na akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi peke yake: mjomba anayemlipia ameapa, mwaka huu au basi, asipotetea sasa anakwenda Mokambo, mpakani, kwa shangazi kuuza unga na mafuta, masomo yamekwisha. "Papa Injeniere, weye njo uliweka Linux mu mashine ya yaya yangu. Nisaidie." Injeniere akaigeuza disiki mkononi, akainusa, kweli aliinusa kama samaki. "Haikuungua. Iko muzima. Usilie, mutoto wangu, Mercredi utapata memwari yako." Aliahidi hiyo Jumatano mbele ya darasa zima.

Ugumu ulikuwa huu. Mashine zetu zote tisa zilikuwa za disiki za zamani, za ule waya mpana kama mkanda. Disiki ya Mujinga ilikuwa ya namna mpya, ya waya mwembamba, na ubao mmoja tu ndani ya nyumba nzima ulikuwa na tundu lake: ubao mpya ambao mfanyabiashara mmoja alikuwa ametuletea kutoka ng'ambo, kupitia Mokambo, ndani ya karto yake, lile boksi la kiwandani, na plastiki yake, na picha ya rangi. Nilipotaka kuupitisha kwangu na chaki, lakre kama walivyoiita pale shuleni, Injeniere alinizuia. "Hapana, Papa. Hii haisomewe na lakre. Iko neuf, iko na karto." Karto ilisema ile chipu kubwa ya katikati ndiyo kontrolere wa zile tundu nyembamba. Akaufunga yeye mwenyewe, akawasha Linux kutoka disiki ya zamani, akachomeka ya Mujinga. Linux ikaona ya zamani. Ya Mujinga, hapana. Haidhuru, akasema, kokwa letu ni la zamani, tutapika jipya lenye kumjua kontrolere wa kwenye karto. Akafungua ile orodha ndefu ya maswali, kitu gani kiwemo, kitu gani kisiwemo, akachagua jina lililo kwenye karto. Akapika Jumatatu nzima. Akawasha. Hakuna. Jumanne umeme ukakatika mara tatu. Jumatano Mujinga alikuja asubuhi, akaketi kwenye kiti cha mwisho nyuma ya darasa, akakaa mpaka saa kumi, akaenda. Injeniere alikula tonge mbili. Nilimsikia anaongea peke yake mbele ya skrini: "Karto inasema iko. Karto inasema iko."

Kila akiwasha, aliandika herufi tano, nazikumbuka mpaka leo, l, s, p, c, i, na mashine ilitoa orodha ya chipu zote ilizozikuta juu ya ubao, mstari mmoja kwa kila moja. Yeye alitafuta jina la kwenye karto, halionekani, anapandisha, anashusha. Mimi nyuma yake na ufagio. Kulikuwa na mstari mmoja wenye neno la Kiingereza ambalo yeye mwenyewe aliwahi kunifundisha, kwa kuwa lilitokea mara kwa mara: maana yake ni sijui, hajulikani. Mbele ya neno hilo kuna tarakimu nne. Macho yake yaliruka mstari ule kila mara, kama unavyomruka kichaa wa barabarani. Alikuwa anatafuta jina. Mimi majina ya Kiingereza siyaoni, naona tarakimu. 3112. Sikusema kitu. Nilidhani mtu mwenye diploma ameiona na ana sababu zake. Hilo ni kosa langu, na nimelitubu, lakini siku mbili za Mujinga zilikwenda nalo.

Alhamisi akarudi. Darasa limejaa, wanafunzi kumi na nne, wengine ni wenzake wa chuo, wanamtazama Injeniere kutaka kuona. Alikuwa hajalala, shati lile lile la jana, mara ya kwanza. Mujinga akauliza: "Papa, imefika wapi?" Na yeye, bila kumtazama, akasema: "Disque yako ilisha kufa, mutoto wangu. Radi ilikula ndani. Sina la kufanya." Nilikuwa mlangoni. Nilimtazama mdomo. Mtu aliyeinusa na kusema ni nzima, anayejua kabisa ni nzima, maana inazunguka, tunaisikia wote inazunguka. Mujinga hakulia. Alisema "merci, Papa," akaanza kukusanya vitu vyake, kalamu, kitambaa, kalamu tena, na disiki akaisahau au akaiacha. Mvulana mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake: "Mokambo, mafuta litre ngapi?" Mama Vero alitoka chumbani kwake akampiga mvulana yule kofi la kisogo mbele ya watu. Mwanafunzi anayelipa ada!

Mchana ule nilisafisha mashine iliyokuwa wazi, kwa brashi, kazi ya kila wiki. Nikainua fungu la nyaya za umeme, na chini yake, karibu kabisa na zile tundu nyembamba, nikaona chipu ndogo ya mraba ambayo kwenye picha ya karto haipo. Haipo hata kidogo. Pale kwenye picha ni patupu. Nikapaka chaki. Nikafuta. 3112. Sikuhitaji kuita mtu. Ubao haukuwa wa karto ile; njiani, ng'ambo au Mokambo, mtu alibadilisha, au alichanganya, nani atajua. Karatasi ilisema saruji, na ndani ni ndagala.

Ijumaa nikamwambia, kwa heshima, jikoni, si mbele ya watu. "Injeniere, angaria. Hii karto si ya hii karte. Iko kontrolere ingine, ndogo, chini ya nyaya. Namba yake ni tatu, moja, moja, mbili. Na mu skrini, pale inasema haiyui, ni ile ile namba." Akaweka kikombe chini. "Papa Ngoy, mi nilisoma miaka mitano." "Nayua." "Weye unasoma na lakre." "Nayua. Lakini angaria tu." "Fagia, Papa. Fagia tu." Mama Vero alikuwa anachambua lengalenga, mikono yake ikasimama, halafu ikaendelea. Nikafagia. Mtu akikwambia fagia na ufagio uko mkononi mwako, utajibu nini?

Lakini usiku ule, nadhani, neno lilimla. Jumamosi nilipofika saa kumi na mbili alikuwa ameshafika yeye, amevua nyaya, anatazama chipu yenye unga wangu mweupe bado. Hakunisalimia. Aliitafuta ile namba ndani ya vitabu vya Linux vilivyo kwenye CD, namba, si jina, na akaikuta. Lakini aliikuta mahali ambapo hakuwahi kutafuta. Siku zote alifungua ukurasa wa disiki za kawaida. Kumbe disiki za waya mwembamba watu wa Linux wamezipanga nyuma, katika ukurasa wa SCSI, zile disiki za bei kubwa za mashine za benki. "Mais hii si SCSI," alikuwa anasema, "hii si SCSI, juu ya nini baliiweka huku?" Nikamwambia: "Njia ya mabovu." Hakuuliza maana yake. Akachagua kile kipande, akapika. Umeme ulikaa. Kuna siku unakaa, huwezi kujua ni kwa ajili ya nani. Saa tano na nusu akawasha, mistari ikaanza kuteremka, na mmoja ukasimama: sda, na ukubwa wa disiki, na jina lake. Tukasimama wote wawili kama watu waliosikia hodi. Akafungua. Memwari ilikuwamo, sura ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Alinishika mabega kwa mikono miwili, akasema, "Papa Ngoy, Papa Ngoy." Nikiulizwa lini nilikuwa na furaha katika maisha, naweza kuonyesha ile dakika. Dakika moja, labda mbili.

Halafu mikono ikashuka. "Funga mulango," akasema. Nikafunga. "Tumuite Mujinga," nikasema, "difansi iko kesho kutwa." Alikaa. "Tutamuambia nini?" "Ya kuwa disque iko muzima." "Jeudi nilimuambia ilisha kufa. Mbele ya kalasi yote. Bantu batasema nini? Mukendi anaua disque, halafu inafufuka?" "Muambie haukuyua. Basi." Alicheka kidogo, si kicheko. "Muganga anaweza kusema: Mungu njo anayua. Padri vilevile. Injeniere akisema siyui, Papa, kesho kalasi iko bule. Mi nina nini ingine? Nina ile kioo mu ukuta." "Na mutoto?" "Iko sesion ya pili ya kutetea." "Kwake haiko." "Ataandika ingine. Iko bado kijana." Alijipangusa uso. "Tutaona," akasema. "Tutaona Lundi." Lundi ni Jumatatu, siku yenyewe ya difansi. Nyie mnaoishi mji huu mnajua neno tutaona limezika mambo mangapi. Na alipokuwa anapita kwenda nje, akasema chini chini, si kwa ubaya, kama mtu anayehesabu hasara yake: "Muzee wa lakre anakuya kunifundisha." Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, uani, kichwa mikononi.

Sitajifanya mtakatifu. Kama angesema tu lile la tutaona, ningeshika ufagio. Ni lile la mwisho, la mzee wa chaki, lililonichosha. Nilikuwa nimechoka miaka mingi kabla yake, uchovu wa reli, uchovu wa kungojea, na mwaka ule mmoja ulikuwa umenipumzisha, na sasa ukarudi wote kwa mara moja, nikahisi mikono mizito. Nikaenda kwa Mama Vero. "Unayua kutia ile memwari mu disketi?" Alinitazama, mkono una unga. "Nayua. Mais mi nina batoto bane, Papa Ngoy, akinifukuza?" "Hautapeleka weye. Nitapeleka miye." Akajifuta mikono, akaketi. Zilihitajika disketi tatu. Mnaokumbuka disketi mnakumbuka sauti yake, grr, grr, grr, kama panya aliyeingia gunia la mahindi. Nyumba nzima inasikia. Dirisha la saluni lilikuwa wazi, na chini ya dirisha ndipo zilipo zile ngazi. Grr, disketi ya kwanza. Tunatazama mlango. Grr, ya pili. Niliona kisogo cha Injeniere kwa dirisha, hakikugeuka. Ya tatu ilichukua muda, kulikuwa na picha ndani. Angeweza kuinuka. Hatua sita. Mama Vero akazifunga katika karatasi ya mkate. "Utamuambia nini, ule mutoto?" "Nitamuambia Injeniere njo amenituma." "Na weye?" "Miye nini?" Akanipa pia kitumbula kimoja cha njiani, kama kwa mtoto wa shule.

Nilipita uani, maana geti lilikuwa upande ule. Injeniere aliinua uso. Macho mekundu. Akatazama kile kifurushi, akatazama viatu vyangu. "Unaenda kukula?" akauliza. "Naenda," nikasema. "Ni vizuri." Mbuzi wa jirani alikuwa anakula maganda kwenye uzio. Nilidhani ataongeza neno, naye labda alidhani nitaongeza. "Utafunga geti?" "Nitafunga." Nikatoka, nikalivuta geti mpaka likalia, nikapitisha mkono kwenye tundu nikasukuma komeo kwa ndani, kama kila siku. Kisha nikashika barabara ya Kasapa kumtafuta Mujinga, jua la saa saba kichwani, na pale shuleni sikurudi tena.